Maji ya Mfalme Yanapita

Hapo zamani, wakati wafalme wa Ufaransa walipokuwa wakirithishana jina moja na kujitofautisha kwa namba, kama vyumba vya nyumba ya wageni, palikuwa na fukara mmoja aitwaye Mathureni, na kazi yake ilikuwa kupiga mluzi.

Kazi hiyo hakuichagua. Alijaribu uokaji, mikate yake ikakataliwa na watu, kisha na bata. Akajaribu unyozi, na kasisi wa kijijini kwao akazikwa, miaka mingi baadaye, akiwa na sikio moja na robo tatu. Halafu nyumbu wa askofu akampiga teke la mdomo, meno mawili ya mbele yakatoka, na tangu siku ile kila alipopuliza pumzi kwenye pengo, mluzi wake ulisikika kutoka ncha moja ya bustani ya kasri hadi ncha ya pili. Basi akaajiriwa.

“Wenzangu wameingia kasri kwa ukoo,” alikuwa akisema. “Mimi nimeingia kwa nyumbu.”

Bustani ile ilikuwa na fawara mia mbili na arobaini, yaani mabomba ya kurusha maji juu, yaliyofichwa katika midomo ya samaki wa shaba na miungu wa marumaru. Mfalme wa namba iliyotangulia alizijenga fawara kwanza, kisha ndipo akauliza maji yatatoka wapi. Maji yaliyopatikana yalitosha fawara thelathini. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa kila aliyeweza kumfikia alikuwa na cheo cha kupoteza. Basi watunza bustani wakafanya shauri lao. Mfalme akikaribia kona, mtu hupiga mluzi mmoja mrefu, na fawara za mbele hufunguliwa. Akishapita, hupigwa mluzi mfupi mara mbili, na za nyuma hufungwa, maji yakakimbizwa mbele kumngoja. Ikawa kila alipotazama maji yaliruka. Mfalme yule akafa akiamini hivyo, na mwanawe, aliyeshika namba iliyofuata, akatembea bustanini miaka kumi na tisa akiwaambia mabalozi kwamba fawara zake hazijawahi kukauka.

Tena ni vema ijulikane kwamba kasri lile liliishi kwa desturi. Mfalme hakuvaa shati ila apewe na mkono wa mtukufu. Kitanda chake kilipokuwa kitupu, wapitao walikiinamia vilevile. Chakula chake kilipopita ukumbini, ofisa wa mbele alilia, “Nyama ya Mfalme!”, na kila mtu akavua kofia na kuinama mpaka nyama ile imalize kupita. Kinywaji kilipopita, alilia, “Maji ya Mfalme!”, wakainama vilevile, na mkuu wa vionjo akaonja kwanza. Hayo yalitokana na mfalme mmoja wa zamani, wa namba tatu nyuma, aliyeonjewa jagi la kwanza likawa salama, akafa kwa jagi la pili. Tangu hapo ikaandikwa katika kitabu cha desturi: kila maji mapya yafikayo mbele ya Mfalme yaonjwe kwanza.

Mathureni aliijua desturi hii kwa mgongo wake. Wiki yake ya kwanza alikutana ukumbini na bata bukini wa kuchoma, na kwa kuwa hakuwa na kofia ya kuvua, alisimama tu akimtazama. Akachapwa fimbo mbili.

“Nimepigwa kwa ajili ya watu wengi,” aliwaambia wenzake. “Kwa ajili ya bata, tena marehemu, ilikuwa mara yangu ya kwanza.”

Basi siku moja ya kiangazi mfalme alikuwa akitembea na wakubwa wake, akapita fawara ya mungu wa bahari, na Mathureni akapiga mluzi mfupi mara mbili. Kisha akapanda juu ya mungu yule, akaketi gotini pake, akatoa mkate wake. Lakini kijibwa cha mfalme kilikuwa kimebaki nyuma kikinusa ua wa miti, na mfalme, ambaye hakuwa na desturi ya kugeuka, akageuka kukiita.

Akaona fawara kavu. Akaona mtumishi amejikunja juu ya ufunguo wa bomba. Akamwona Mathureni, mashavu yamejaa, juu ya goti la mungu wa bahari.

Hata kijibwa kiliacha kunusa.

“Shuka,” akasema mfalme. “Nani wewe?”

“Mathureni, Bwana wangu, mpiga mluzi,” akajibu, na makombo yakatoka pamoja na jina.

“Mluzi wa nini?”

Mathureni akawatazama wakubwa, kila mmoja akatazama viatu vyake. Akafikiri kusema uongo, lakini hata uongo alikuwa ameshindwa kuufanya kazi. Akasema, “Wa kufungua maji unapofika, Bwana wangu, na kuyafunga unapopita. Hayatoshi kote. Yanatosha mahali unapotazama.”

“Tangu lini?”

“Tangu marehemu baba yako.”

Mfalme akauliza kwa sauti ndogo, “Na nyuma yangu kuna nini, miaka hii yote?”

“Nyuma yako, Bwana wangu,” akasema Mathureni, “kuko kama nyuma ya kila mtu.”

Hapo mmoja wa wakubwa akakohoa kuficha kicheko, na kikohozi kile ndicho kilichomkasirisha mfalme zaidi. Waziri wa Majengo, bwana mmoja aitwaye Chantremo, akaona nafasi yake, akasogea akasema, “Uishi miaka mingi, Bwana. Dawa ipo. Iko chemchemi katika kijiji cha Valmori, mwendo wa nusu siku. Haikauki masika wala kiangazi. Tukiichimbia mfereji na kuielekeza huku yote, fawara zote zitaruka pamoja tangu jua kuchomoza hadi kuchwa.”

Mathureni aliposikia jina Valmori, aliacha kutafuna, kwa kuwa ndiko alikozaliwa, na huko hakukuwa na maji mengine.

“Yote, mheshimiwa?” akauliza. “Wale wa huko watakunywa nini?”

“Kuna mto,” akasema Chantremo.

“Upo, mheshimiwa. Kwenda na kurudi ni kutwa nzima. Mtu akifika nyumbani na ndoo atakuwa na kiu ya kutosha kuimaliza.”

Mfalme akainua mkono. “Nimesikia. Watu wa Valmori wana mto wao, na mimi nina fawara. Waziri, andika. Tangu leo chemchemi ya Valmori ni maji ya Mfalme. Baada ya siku arobaini, Jumapili, balozi wa nchi jirani atakuwa hapa. Siku hiyo maji yale yataingia bustanini mwangu, nayo yatapokewa kwa heshima zote zipasazo maji ya Mfalme. Na wewe, mpiga mluzi, uliyefanya nichekwe mbele ya watu, wewe ndiwe utakayesimamia mapokezi. Ikipungua heshima hata moja, utavuta makasia katika merikebu zangu mpaka uzee.”

“Heshima zote, Bwana wangu?”

“Zote.”

“Mimi msahaulifu. Naomba nipewe kwa maandishi.”

Chantremo akaandika, mfalme akatia muhuri. Na kusema kweli Mathureni hakuwa na hila yoyote wakati ule. Aliomba karatasi kwa sababu aliogopa makasia.

Akaenda Valmori. Askari walikuwa wamekwisha kufika na majembe. Dada yake, Perine, alikuwa penye chemchemi pamoja na wanawake wengine, wakizipiga nguo kwa vibao, na alipomwona hakuacha kupiga.

“Kaka Mathureni,” akasema, “umekuja kututembelea au umekuja kutukausha?”

“Vyote viwili, dada.”

“Wanasema umeuza chemchemi.”

“Ningeuza ningekuwa na kofia. Nilikula mkate mahali pasipopasa, basi.”

“Mkate!” Perine akawageukia wenzake. “Mmesikia? Wenzetu miji yao inaangushwa na mizinga, yetu inaangushwa na kijana wa watu anayetafuna. Mama alisema nikuangalie. Nilikuangalia miaka thelathini, nikageuka kidogo tu.”

Mathureni akaketi juu ya jiwe akatoa karatasi, akawasomea, kwa kuwa alikuwa ameshindwa pia ualimu lakini kusoma kulibaki. Alipofika penye maneno “tangu leo ni maji ya Mfalme,” Perine akaangua kicheko kisicho na furaha.

“Tangu leo? Haya haya? Basi na tuyavulie vilemba! Inameni, akina mama, soksi za mume wangu zinafuliwa katika maji ya Mfalme!”

Akainama mpaka chini, akiwa ameshika soksi, na wanawake wakacheka, wengine wakimwaga machozi. Lakini Mathureni hakucheka. Aliisoma ile karatasi tena, kisha tena, polepole, akijishika mgongo pale fimbo zilipopita.

“Perine,” akasema, “hiyo uliyofanya, ungeweza kukaa nayo muda gani?”

“Nini, kuinama? Mpaka nichoke. Kwa nini?”

“Basi tu,” akasema. “Nilikuwa nawafikiria wazee wa kasri.”

Siku arobaini zikapita na mfereji ukafika. Jumapili ile kasri zima likatoka bustanini: wakubwa na wake zao, wenye nywele za bandia ndefu kama mikia ya farasi, na kati yao balozi, mtu mwembamba mwenye daftari mkononi. Mfereji uliishia penye mdomo wa shaba mnene kama paja, chini yake birika la marumaru, na kutoka birikani mabomba yalikwenda kwenye fawara zote. Mfalme akasimama mbele. Mathureni akasimama kando ya lango la maji, kichwa wazi kama kawaida, magoti yakimgongana. Alikuwa na karatasi mkononi, na hakuwa na uhakika nayo hata kidogo. Mambo aliyoyafanya kwa uhakika maishani mwake yote yalikuwa yameharibika.

Akapiga mluzi mmoja mrefu. Lango likafunguliwa. Maji ya Valmori yakatoka kwa kishindo yakaingia birikani, na Mathureni akalia kwa sauti yake yote:

“Maji ya Mfalme!”

Wakubwa wakashtuka. Lakini miili yao iliijua desturi kabla ya vichwa vyao. Kofia zikavuliwa, migongo ikainama. Balozi, kwa adabu ya ugenini, akainama pia. Mfalme akapendezwa.

“Vema,” akasema. “Sasa fawara.”

“Bado kionjo, Bwana wangu,” akasema Mathureni. “Kila maji mapya yafikayo mbele ya Mfalme. Imo kitabuni.”

Basi mkuu wa vionjo, bwana mzito aitwaye Filibeti, akaja na kikombe chake cha fedha, akateka, akanywa, akasema, “Ni salama.”

“Yale yalikuwa salama,” akasema Mathureni. “Yamo tumboni mwako, mheshimiwa. Haya ni mengine. Yalikuwa bado Valmori ulipokuwa ukiyasema hayo.”

Filibeti akamtazama mfalme. Mfalme akatazama maji. Chantremo, akiwa ameinama, akasema kwa hasira akiielekeza sauti yake ardhini, “Upuuzi! Yakionjwa mara moja yameonjwa!”

“Ndivyo alivyosema mwenye jagi la kwanza, mheshimiwa,” akajibu Mathureni. “Na mfalme akanywa la pili.”

Kisa kile kila mtu wa kasri alikijua, na hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba hakina maana. Filibeti akateka tena akanywa. Akateka tena. Kikombe cha tisa akalegeza mkanda. Cha kumi na sita akafungua vifungo vya koti, akasema, “Ni salama,” kwa sauti ya mtu anayezama.

Na maji yakazidi kuja.

Mkono wa mfalme ulikuwa umechoka kushika fimbo. Akageukia wakubwa wake. “Inukeni,” akasema.

Hakuna aliyeinuka.

“Nimesema inukeni.”

“Bwana,” akasema Chantremo, uso wake umewiva kwa damu iliyoteremkia kichwani, “hatuwezi. Maji bado yanapita.”

Na ikawa kweli. Desturi ilisema wainame mpaka kinachopita kiishe kupita, na chemchemi ya Valmori haikuwa na mwisho, si masika wala kiangazi, kama waziri mwenyewe alivyoisifu. Mzee mmoja wa ukoo mkubwa akaanza kulia taratibu. Nywele za bandia za bibi mmoja zikamtoka kichwani, zikaangukia birikani, zikaanza kuzunguka, na mwenyewe hakuthubutu kuzifuata. Balozi alikuwa amegundua kwamba magoti yanaweza kuwa meza, akawa anaandika.

Mfalme akaona migongo, na ng’ambo ya migongo akaona migongo. Akamwendea Mathureni karibu sana, akasema kwa sauti ya chini, “Mimi ndimi niliyerithi desturi hizi. Naweza kuifuta hii sasa hivi.”

Mathureni akapiga magoti, jambo alilokuwa akilihitaji kwa muda mrefu, na akasema kwa sauti ya chini vilevile, asisikie mwingine, “Waweza, Bwana wangu. Lakini ukisema hii ni upuuzi, mimi mjinga nitauliza na habari za kitanda kitupu. Mwenzangu atauliza shati. Kisha atatokea mwenye akili, hawa ndio wabaya, atauliza yale mafuta uliyopakwa ulipotawazwa, yanayosemwa kuwa yaliletwa na njiwa kutoka mbinguni. Katika sisi sote, Bwana, hakuna aliyemwona yule njiwa. Tunakuinamia kwa kuwa baba zetu waliinama. Usiwafundishe kuinuka mbele ya balozi.”

Mathureni akaanza kuyafikiria makasia, na kwamba pengine hilo pia angelishindwa, akarudishwa.

“Unataka nini?” mfalme akauliza hatimaye.

“Maji yakome kupita, Bwana. Hayatakoma ila yarudi yalikokuwa.”

Nyuma yao Filibeti alitoa sauti, akaketi chini. Mfalme akamtazama, akatazama zile nywele zinazozunguka birikani, na pembe za mdomo wake zikaanza kumwasi.

“Fungeni lango,” akasema kwa sauti kuu. “Na mfereji ufukiwe. Maji ya Valmori yamepokewa, heshima hazikupungua hata moja. Mfalme ameridhika nayo, naye anayarudisha Valmori kwa fadhila zake, yabaki huko siku zote.”

Lango likafungwa. Wakubwa wakainuka pole pole, na mifupa yao ikalia kama milango ya ghala kuukuu. Filibeti akabebwa na watu wanne, akisihi watembee kwa uangalifu.

Ndipo mfalme akamshika Mathureni mkono, akaenda naye kando, nyuma ya ua wa miti.

“Chemchemi umeipata,” akasema. “Na fawara zangu je? Balozi bado yu hapa wiki nzima.”

“Mluzi upo, Bwana wangu.”

“Mluzi! Na mimi nitatembeaje sasa, nikijua?”

“Kama zamani, Bwana. Mbele.”

“Na nikitaka kugeuka?”

Mathureni akafikiri. “Kohoa kwanza,” akasema. “Mara tatu, pole pole. Nipe muda wa kumeza.”

Mfalme akacheka. Akacheka hata akamshika mungu wa marumaru begani asianguke, akasema, “Miaka kumi na tisa! Nikiwaambia mabalozi!” akacheka tena. Kisha akatoa amri kwamba tangu siku ile Mathureni aruhusiwe kubaki na kofia kichwani mbele ya Mfalme, heshima ambayo watukufu wengi walikufa wakiitamani.

“Nashukuru, Bwana wangu,” akasema Mathureni. “Ila sina kofia.”

Basi mfalme akampa ya kwake. Ikamwingia mpaka mabegani. Aliporudi Valmori ameivaa, alijikwaa mara mbili kabla ya kufika penye chemchemi, na Perine akamtambua kwa kuanguka. Kofia ile akaipeleka bandani, kuku wakatagia ndani yake, naye akasema hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kaka yake iliyoleta kitu nyumbani.

Wiki iliyofuata mfalme akatembea bustanini na balozi kila asubuhi, na fawara zikaruka mbele yao kila kona. Balozi akarejea kwao, akaandika taarifa yake. Aliandika kwamba mfalme wa Ufaransa ni mwenye nguvu kuliko wafalme wote aliowaona, kwamba maji humtii na watu humwinamia hata migongo ikaharibika. Ila afya yake inatia wasiwasi, kwa kuwa hawezi kutazama nyuma bila kukohoa.